Bastola za Georgia: shajara ya mradi, Januari hadi Novemba 2024

Naandika shajara hii kwa Waswahili wenzangu tulioko Marekani tunaopenda vyuma vya zamani, na kwa yeyote atakayetaka kuufuata mradi huu bila kurudia makosa yangu. Kwa kazi mimi ni fundi mkereza vyuma, naishi Georgia, mwendo wa kama saa moja kutoka Macon. Walioko nyumbani wasome kwa ajili ya historia tu, kwa sababu Tanzania gobori linahitaji leseni kama bunduki nyingine. Huku, sheria ya serikali kuu ya 1968 haiziweki nakala za bastola za fataki (kijikombe kidogo cha shaba kinacholipuka kikigongwa na kuwasha baruti) kundi moja na silaha za kisasa, lakini majimbo yana masharti yake. Uliza kwenu kabla ya kununua.

13 Januari 2024: Kilichonianzisha

Mwaka jana nilisimama mbele ya kabati la kioo kwenye makumbusho fulani. Ndani mlikuwa na bastola ya Griswold & Gunnison, fremu ya shaba ya njano iliyokwisha kufifia, mtutu wa duara, kaliba (kipimo cha tundu la mtutu) .36. Kilichonivuta ni silinda, kile kipande cha duara kinachozunguka chenye matundu ya kupakia risasi. Ilikuwa na mistari myembamba iliyozunguka kwa mshazari, kama nyuzi za kamba ya katani iliyosokotwa. Nikadhani ni mikwaruzo. Nilipoinama karibu nikaona mistari ile imo ndani ya chuma chenyewe.

Feleji, chuma kigumu kilicho bora, ilikuwa adimu katika majimbo ya Kusini yaliyojitenga wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, 1861 hadi 1865, maana manowari za Kaskazini zilikuwa zimeziba bandari. Mafundi wa Griswoldville, karibu na Macon, walitumia chuma cha kufua. Walikipasha moto pau likawa laini, wakalisokota, ndipo wakalikereza na kulitoboa matundu 6. Fremu wakaisubu kwa shaba. Mwenye kiwanda, Samuel Griswold, alizaliwa Connecticut na alikuwa mtengenezaji wa mashine za kuchambulia pamba. Vita ilipoanza alitengeneza kwanza mikuki kwa ajili ya Gavana Joseph Brown wa Georgia, kisha tangu Julai 1862 bastola zilizoiga ile ya kampuni ya Colt ya 1851. Zilitoka zaidi ya 3,600 mpaka askari wa farasi wa Kaskazini walipokichoma kiwanda Novemba 1864.

Kati ya wafanyakazi 24 wa kiwanda kile, 22 walikuwa watumwa.

Nimelala na hesabu hiyo siku nyingi. Nakereza chuma kila siku kwa mashine zinazopima zenyewe, na bado najua ugumu wa kutoboa matundu 6 yakae sawasawa mbele ya mtutu mmoja. Kwa mashine za 1862 kazi hiyo ni ya fundi aliyeiva. Watu weusi waliomilikiwa kama ng'ombe ndio waliokuwa mafundi hao, wakilitengenezea silaha jeshi lililopigania wabaki watumwa. Nataka kuijua kazi ya mikono yao kwa mikono yangu. Mpango ni kupata nakala tatu za bastola zilizotengenezwa Georgia (Griswold & Gunnison, Leech & Rigdon, Spiller & Burr), kuzifyatua hadi nizielewe, na mwisho kusokota pau moja la chuma kama wao.

3 Februari: Nakala ya kwanza, na kosa la kwanza

Nimenunua kwa mtu, imetumika, dola 160, kwa kuangalia picha tu. Tangazo liliiita Griswold. Ilipofika nikakuta kaliba ni .44. Griswoldville hawakutengeneza hata moja ya .44, zote zilikuwa .36. Viwanda vya Italia mkoani Brescia, ambako nakala nyingi hutoka, huzitoa za .44 zenye fremu ya shaba kwa sababu wanunuzi wanapenda tundu kubwa, na wauzaji huzibandika jina lolote la Kusini.

Hilo ningelivumilia. Lililonikata maini ni fremu. Nilipoivua silinda niliona meno yake ya nyuma yamejichora kwenye ukuta wa shaba, duara kamili, kina cha kuingia ukucha. Mhimili, ule mti wa chuma unaotoka kwenye fremu na kubeba silinda, ulikuwa unacheza kidogo ukiushika kwa vidole. Nafasi kati ya silinda na mtutu ilikuwa inchi 0.019, zaidi ya mara mbili ya ninayoitaka. Aliyekuwa nayo aliishindilia baruti nyingi kwa muda mrefu, na shaba huwa inanyooka taratibu bila kupasuka, kwa hiyo mtu hashtuki mpaka imeshaharibika.

Sitaifyatua. Nimeivua springi na skrubu ziwe akiba. Ukinunua iliyotumika, mwombe muuzaji picha ya ukuta wa fremu silinda ikiwa imevuliwa. Akisita, achana nayo.

24 Februari: Griswold yenyewe

Mpya, .36, mtutu wa duara, dola 265 na usafiri 18. Nafasi ya silinda inchi 0.006. Nimeifungua, nimeondoa grisi ya kiwandani kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, nimeipaka mafuta ya mimea. Usitumie mafuta ya injini: yakikutana na moshi wa baruti nyeusi hugeuka kitu kama lami.

16 Machi: Siku ya kwanza uwanjani

Kipimo nilichoamua kwa fremu ya shaba ni greni 15 (karibu gramu 1) za baruti nyeusi daraja la 3F, yenye chembe ndogo. Kwa kuwa greni 15 haijazi tundu, juu yake naongeza sembe kiasi cha kijiko kidogo ili risasi ikae karibu na mdomo. Ndiyo, sembe hii hii ya ugali. Wapigaji wa huku wanafanya hivyo tangu zamani. Kisha risasi ya duara, naishindilia kwa wenzo ulio chini ya mtutu, mafuta juu, na fataki mwisho kabisa, mtutu ukiwa umeelekea shabaha. Napakia matundu 5, nyundo inalala juu ya lililo tupu.

Moshi ulipotoka nilinusa utoto wangu. Babu alikuwa na gobori la kufukuzia nyani shambani, na harufu ya kiberiti ilibaki kwenye kanzu yake mpaka jioni.

Risasi ya tatu, nyundo ikagoma katikati. Kipande cha fataki iliyopasuka kilikuwa kimedondoka ndani ya mtambo. Nikakitoa kwa kibano. Risasi ya tano tena. Katika risasi 30 nilikwama mara 9.

Sababu nimezipata mbili. Kwanza, tundu la moto kwenye chuchu, kile kijibomba kinachovalishwa fataki, ni pana mno, hivyo mlipuko hurudi nyuma na kuirarua fataki. Pili, uso wa nyundo una mfereji mdogo wa usalama wenye kingo kali, nao huing'ata shaba ya fataki na kuivuta nyundo inaporudi. Nimenunua chuchu nyingine zenye tundu jembamba, dola 32, na kingo za mfereji nimezilainisha kwa msasa namba 600 uliozungushiwa kijiti. Sikuondoa chuma cha kuonekana, nimeondoa ukali tu. Na nimejifunza kuinua mtutu juu ninapovuta nyundo ili vipande vianguke nje. Nyongeza ya baadaye: Jumamosi iliyofuata nilikwama mara 1 katika risasi 36.

13 Aprili: Leech & Rigdon na mhimili mfupi

Thomas Leech na Charles Rigdon walianzia Memphis na panga za kijeshi, wakawa wanahama kila jeshi la Kaskazini lilipokaribia, mpaka Greensboro, Georgia. Walitoa bastola kama 1,500. Fremu yao si ya shaba, ni ya chuma. Nakala imenigharimu dola 410, na chuchu zake 32.

Hapa nimepoteza jioni tatu, kwa hiyo nieleze polepole. Kwenye bastola za mtindo wa Colt mtutu haukazwi kwa skrubu kuu. Mhimili unapenya silinda na kuingia kwenye shimo lililo kwenye tako la mtutu, halafu kabari inapigwa ubavuni ikapita yote mawili. Kama mhimili unafika mwisho wa shimo, kabari inabana na basi. Kama haufiki, kila ukigonga kabari mtutu unarudi nyuma zaidi. Mimi niligonga mara moja nikapima inchi 0.008. Mara mbili, 0.003. Mara ya tatu silinda ikakataa kuzunguka. Bastola ya namna hiyo haina kipimo. Kila ukiifunga ni bastola nyingine.

Kuhakikisha ni rahisi. Vua silinda, vika mtutu kwenye mhimili ukiwa umeuzungusha kidogo ili tako lipite pembeni ya fremu, sukuma mpaka mwisho. Tako likipita mstari wa uso wa fremu, mhimili ni mfupi. Langu lilipita kwa unene wa kadi ya benki.

Nilikereza kisahani cha chuma cha kukaa chini ya shimo. Cha kwanza nilikipiga tupa kwa haraka nikakipunguza mno, nikatupa. Cha pili nilipunguza, nikafunga, nikapima, nikapunguza tena, hadi kabari ikibana kabisa nafasi inasimama 0.006 na haibadiliki hata nikiongeza kugonga. Malighafi ilikuwa vipande vya karakanani, bure.

11 Mei: Matundu mawili kwa mpigo mmoja

Leo nimeogopa. Leech & Rigdon, tundu la pili. Nilivuta kifyatulio, mshindo ukawa mzito kuliko kawaida na bastola ikasukuma pembeni. Nikadhani nimekosea kipimo. Mzee mmoja wa pale uwanjani, Mmarekani mweusi ambaye amepiga bastola hizi kwa zaidi ya miaka 30, aliniwekea mkono begani akasema, "Usiguse kitu, mwanangu. Iache ielekee mbele." Tukasubiri dakika nzima. Tulipoitazama, tundu la kulia lilikuwa tupu na jeusi, na ubavuni mwa tako la mtutu kulikuwa na mkwaruzo wa risasi laini, unang'aa kama fedha. Moto ulikuwa umerukia tundu la jirani na risasi yake ikapita nje ya mtutu. Mikono yangu ilikuwa nyuma, kama inavyotakiwa. Angekuwapo mtu anayeegemeza mkono wa kushoto chini ya mtutu, angepoteza kidole.

Tulikaa kwenye benchi tukachunguza. Risasi nilizokuwa nazo zilikuwa inchi 0.375. Nilipozishindilia hazikukatwa ule uzi mwembamba wa risasi unaobaki mdomoni mwa tundu, yaani zilikuwa zinateleza kuingia. Fataki nazo zilikuwa namba 11, zikitikisika kwenye chuchu. Moto ungeweza kupita mbele kwenye risasi iliyolegea au nyuma kwenye fataki iliyolegea.

Nimehamia risasi za 0.380, ambazo zinaacha uzi kamili kila tundu, na fataki namba 10, zinazobana. Vyote viwili nilivibadilisha siku moja, kwa hiyo sidai kujua kipi kilikuwa mkosaji. Nyongeza ya baadaye: tangu hapo nimepiga risasi zaidi ya 400 bila tukio.

Tukiwa pale benchi mzee akaniuliza kwa nini Mwafrika anakusanya bastola za Kusini. Nikamweleza ile hesabu ya 22 kwa 24. Alinyamaza, kisha akaomba aishike Griswold. Alikaa nayo mkononi muda mrefu bila kuielekeza popote.

22 Juni: Joto na shabaha

Mchanganyiko wangu wa kuziba midomo ya matundu, nta ya nyuki na mafuta ya kondoo nusu kwa nusu, uliyeyuka ukatiririka mpaka kwenye mpini. Juni ya Georgia haina mzaha. Sasa natumia nta mafungu mawili kwa mafuta fungu moja, na panapo joto kali naweka kisahani cha sufi kilicholoweshwa humo, kati ya baruti na risasi.

Jambo la pili: katika yadi 25 Griswold inapiga inchi 11 juu ya ninapolenga. Bastola za mtindo wa Colt zina tabia hiyo kwa masafa mafupi. Kioneo cha nyuma ni mkato ulio kichwani mwa nyundo, nikaona niuzamishe. Hapo nilikosea. Nyundo imechomwa ikawa ngumu, tupa ikateleza, mkato ukaegemea kulia na risasi zikahamia kulia inchi 3. Ningeanza na kioneo cha mbele. Nimeng'oa kile kifupi, nikakereza kijiti kirefu cha shaba, nikakipachika na kukipunguza kidogo kidogo uwanjani, risasi 5 kisha tupa mara 3. Kijiti nimekiinamisha kidogo kulia kurekebisha kosa la nyundo. Sasa risasi 5 zinakaa kwenye duara la inchi 4, mahali ninapolenga.

20 Julai: Kutu ya usiku mmoja

Nilirudi nimechoka, nikaosha silinda na mtutu, fremu nikaifuta kwa kitambaa nikalala. Asubuhi springi kuu ilikuwa ya kahawia. Masizi ya baruti nyeusi hunyonya unyevu, na unyevu wa huku Julai ni wa kukamua. Tangu sasa nafungua kila kitu jioni hiyo hiyo: maji ya moto, sabuni, mswaki, kukausha kwenye oveni kwa moto wa chini kabisa, mafuta. Mke wangu ameninunulia trei ya kuitumia kwa kazi hii tu. Springi nimebadilisha kwa ile ya bastola ya .44.

17 Agosti: Spiller & Burr

Dola 289. Mkataba wao na serikali ya Kusini ulikuwa wa bastola 15,000. Walitoa kiasi cha 1,500, Atlanta kwanza na baadaye Macon. Waliiga bastola ya kampuni ya Whitney, siyo Colt, hivyo fremu ya shaba inapita pia juu ya silinda na inahimili zaidi. Haina kabari, haina tatizo la mhimili. Shida yake ni masizi: mhimili ni mwembamba, na baada ya matundu 10 silinda inakuwa nzito kuzunguka. Kuupaka mafuta ya kondoo kila baada ya kupakia upya kumetosha. Inapiga vizuri kuliko zote, lakini moyo wangu uko kwa Griswold.

5 Oktoba: Kusokota chuma

Jaribio la kwanza, pau la chuma cha kawaida cha dukani. Nilipasha, nikalibana kwenye jiriwa, nikalizungusha kwa spana kubwa. Likasokoteka bila shida. Nikalikereza, nikalilaza kwenye siki usiku kucha. Hakuna mstari hata mmoja. Chuma cha siku hizi ni kitu kimoja mwanzo mpaka mwisho, hakina nyuzi.

Chuma cha kufua cha zamani kina nyuzi za mavi ya chuma, zile takataka za kuyeyushia, zilizonyooshwa urefu wote wa pau. Nimepata pau mraba la robo tatu ya inchi lililotoka kwenye uzio wa zamani, dola 20. Ukitaka kulijua, likate nusu kwa msumeno kisha lipinde: linapasuka nyuzi nyuzi kama muwa.

Jaribio la pili nilifanya na pau hilo, nikalipasha likawa jekundu, nikasokota. Likapasuka kwa urefu. Ufa wa inchi 5 ukafunguka mbele ya macho yangu, umefuata nyuzi. Nilikaa chini nikautazama ufa ule, ndipo nikaielewa silinda ya makumbusho. Tundu la silinda limetobolewa kwa urefu, na ukuta kati ya tundu na tundu ni mwembamba. Nyuzi zikilala sambamba na tundu, baruti ikilipuka inaufungua ukuta mahali pale pale chuma kilipo dhaifu. Ukisokota, hakuna uzi unaofuata tundu mwanzo mpaka mwisho. Ufa ukianza unakutana na chuma kizima. Mafundi wa Griswoldville walikuwa na chuma dhaifu, wakaugeuza upande udhaifu wake.

Kosa langu lilikuwa moto mdogo. Chuma hiki hakisokotwi chekundu. Kinataka njano inayokaribia weupe, cheche zikiwa karibu kuanza.

23 Novemba: Griswoldville, na pau la tatu

Jana ilitimia miaka 160 tangu mapambano ya Griswoldville, 22 Novemba 1864, siku mbili baada ya kiwanda kuchomwa. Wanamgambo wa Georgia, wengi wao wazee na vijana wadogo, walivuka uwanja wa wazi kuishambulia brigedi ya Kaskazini iliyojikinga, wakaanguka kwa mamia. Leo asubuhi nimekwenda. Ni uwanja wa nyasi na misonobari, kibao cha historia, na reli si mbali. Mji wa kiwanda haukurudi tena. Nimetembea kama saa mbili, sikuokota kitu, maana ni hifadhi.

Gharama zote hadi leo: bastola nne na usafiri dola 1,142, chuchu 64, baruti 56, fataki 63, risasi 133, chuma na gesi 46, ada ya uwanja 120. Jumla 1,624. Fremu ya Griswold nimeipima baada ya risasi 310 za greni 15, nafasi bado ni 0.006, ukutani hakuna alama ya meno.

Pau la tatu nililisokota wiki iliyopita, moto wa njano mpaka mwisho, mizunguko 6 ndani ya inchi 8, likishikwa na mtu wa pili. Jamaa yangu wa Tanga tunayefanya naye kazi ndiye aliyeshika koleo. Halikupasuka. Tulilifua likawa duara, nikalikereza unene wa kidole gumba, nikaliweka kwenye siki jana kabla ya kulala. Sitalitoboa, litabaki kipande cha kuonyeshea.

Niliporudi kutoka uwanjani nimelitoa, nimelisuuza, nimelifuta kwa kitambaa chini ya taa. Mistari imo. Inazunguka kwa mshazari kutoka ncha mpaka ncha, myeusi na ya kijivu, na mahali pamoja, kama robo ya urefu, imejibana zaidi, kwa sababu hapo moto ulipungua na jamaa akavuta kwa nguvu.